‘Barikiwa sana’ si jibu: Ulimi wa kijana Mkristo hupimwa baada ya ibada

ILIKUWA Jumanne jioni, ile saa ambayo nusu ya Nairobi iko ndani ya matatu ikipekua simu. Katika kundi la WhatsApp la vijana wa kanisa letu, kijana mmoja aliyekuwa akitupigia kinanda kila Jumapili aliandika ujumbe mfupi. Kesho yake alikuwa na mahojiano ya kazi upande ule mwingine wa jiji, hakuwa na nauli, na kama kuna mtu mwenye shilingi 300 angemrudishia mwisho wa mwezi.

Majibu hayakukawia. Emoji za mikono iliyofumbatana zikamiminika. “Mungu atafungua mlango, brathe.” “Tunakuombea.” “Barikiwa sana.” Nilihesabu kumi na moja. Halafu mimi, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na furaha zangu na nilitaka kuchekesha watu, nikaandika kwamba ndugu yetu amechanganya kundi la maombi na Fuliza.

Watu walicheka. Kicheko cha WhatsApp unakijua, vile vijikatuni vya manjano vinavyotoa machozi, mstari mzima. Baada ya dakika chache yakatokea yale maandishi madogo ya kijivu: ametoka kwenye kundi. Na nani aliyekuwa wa kwanza kuandika “Tumwombee ndugu yetu, anapitia mambo”? Ni mimi tena.

Kosa langu la kwanza nililiona usiku huohuo. La pili lilinichukua miezi kuling’amua, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Ukikulia kanisani Kenya unajifunza lugha mbili mapema. Ya kwanza ni ya ibada: Bwana asifiwe, amina, barikiwa, kwa neema tu, nitakuweka kwenye maombi. Ya pili ni ya mtaa: kumchoma msee mbele ya mbogi mpaka akose pa kuangalia. Tunahama kutoka moja hadi nyingine jinsi makanga anavyopandisha nauli mvua ikianza kunyesha, bila kufikiri mara mbili. Na hapo ndipo tatizo lilipo. Lugha zote mbili hutoka zenyewe. Mdomo unafanya kazi, mwenye mdomo hayupo.

Wahubiri wakitaka kuzungumza juu ya ulimi hukimbilia Waraka wa Yakobo, sura ya tatu. Wana sababu. Yakobo ana picha ambazo huwezi kuzisahau: lijamu ndogo inayomgeuza farasi mzima, usukani mdogo unaoelekeza merikebu, cheche inayoteketeza msitu. Anauliza kama chemchemi moja inaweza kutoa maji matamu na machungu, na anashangaa vipi kinywa kinachomsifu Mungu ndicho kinachowalaani watu walioumbwa kwa mfano wake. Mahubiri hayo nimeyasikia hadi naweza kuyamalizia mhubiri.

Lakini rudi nyuma kidogo tu, hadi sura ya pili. Pale Yakobo anamleta ndugu au dada asiye na nguo wala chakula cha siku. Mtu wa kanisa anamwambia aende kwa amani, apate joto, ashibe, kisha hampi kitu. Hapo hakuna tusi hata moja. Maneno yenyewe ni mazuri, yangefaa kuandikwa kwenye kadi. Na bado Yakobo anauliza yana faida gani.

Yaani barua ileile inayouogopa ulimi mchungu inauogopa pia ulimi mtamu usio na kazi. Mimi nilikuwa nimefanya yote mawili jioni moja, kwa kidole gumba kimoja.

Sitaki mtu aelewe kwamba Mkristo hafai kutania. Sisi tumelelewa na mchongoano. Nani hakuwahi kukaa kwenye ukuta wa ploti, wawili wakitupiana maneno kuhusu sura, viatu, nyumba na mama zao, wengine wakipiga nduru kila mmoja anapopata pigo zuri? Mchongoano una sheria zake, ingawa hakuna aliyeziandika. Wachezaji wote wawili wamekubali kuingia uwanjani. Wanaonana uso kwa uso. Aliyechongolewa ana zamu yake ya kujibu. Na mtu akianza kulia, mchezo umekwisha, hata kama ulikuwa na neno tamu la mwisho mdomoni.

Sasa linganisha na tunachofanya mitandaoni. Dada anaweka picha yake na gauni la harusi ya binamu yake, na kufikia usiku watu mia nne wasiomjua wamejadili kiuno chake. Hakuingia uwanjani, hana zamu, na hatuoni akilia. Wengi wa hao mia nne, ukifungua kurasa zao, wameandika mstari wa Biblia hapo juu chini ya jina. Nimeangalia. Hebu angalia wako pia.

Kuna pia yale majina ambayo hatuyahesabu hata kuwa matusi. Katika mahubiri ya mlimani Yesu aliligusa neno moja la Kiaramu, raka, lenye maana ya mtu mtupu, asiye na kitu kichwani. Halikuwa tusi la kutisha. Lilikuwa la kila siku tu, la barabarani. Lakini aliliweka katika pumzi moja na mauaji, jambo ambalo ukilifikiria utaona kama amepitiliza, mpaka uorodheshe raka zetu za Nairobi. Mfanyakazi wa nyumbani anayelea mtoto wako tunamwita mboch. Mtoto anayelala nje ya duka tunamwita chokora, kutokana na kuchokora taka, kana kwamba jalala ndilo lililomzaa. Aliyetoka mashambani juzi ni mshamba. Ni majina mafupi, rahisi kutamka, na kila moja limeshaamua thamani ya mtu kabla hajafungua kinywa.

Kama unadhani naongeza chumvi, kumbuka neno madoadoa. Ni neno la kitoto kabisa. Chui ana madoadoa, mbwa wa jirani ana madoadoa. Katika siasa za nchi hii likageuzwa kumaanisha majirani wa kabila lingine wanaopaswa kuondolewa mahali fulani. Mwaka wa 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, iliorodhesha maneno ambayo ingeyachukulia kuwa ya uchochezi, na madoadoa lilikuwamo. Kwekwe pia. Sheria iliyounda tume hiyo ni ya 2008, na sote tunajua ilitoka wapi. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Siku ya mwaka mpya, Januari 1, 2008, watu waliokuwa wamejificha ndani ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo ndani. Februari mwaka huo Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea upande. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tulikuwa watoto wakati huo, na wengine hawakuwa wamezaliwa. Tulirithi maneno, na mengine bado tunayatumia kama utani.

Basi Mkristo aongee vipi? Jibu la haraka ni “kwa upole”, na ndilo linalotufikisha kwenye “barikiwa sana”. Mimi naona neno linalohitajika ni makusudi.

Kiswahili chetu kina kituko kimoja hapa. Tukisema mtu amefanya jambo makusudi, karibu kila mara ni jambo baya. Amenikanyaga makusudi. Amenipita makusudi bila salamu. Sijawahi kusikia mtu akilalamika, “Yule dada alinisifu makusudi!” Ni kana kwamba tumekubaliana kuwa ubaya hupangwa na wema hutokea tu wenyewe, kama mvua. Lakini Paulo, akiwaandikia Waefeso, hasemi tu kwamba neno chafu lisitoke kinywani. Anataka neno la kujenga kulingana na haja iliyopo. Haja iliyopo! Utaijuaje kabla hujauliza?

Isaya ana picha nyingine ninayoipenda. Anasimulia mtumishi aliyepewa ulimi wa mwanafunzi ili ajue kumtegemeza aliyechoka kwa neno. Anaupata vipi huo ulimi? Kila asubuhi Mungu humwamsha sikio. Sikio kwanza. Na marafiki watatu wa Ayubu, wale tunaowasema vibaya kila mara, walianza vizuri kuliko wengi wetu: walikaa naye chini mavumbini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Waliharibu mambo walipofungua vinywa na kuanza kumweleza sababu za msiba wake. Tukienda matangani leo, siku saba za kimya ni nyingi, lakini dakika saba zingetuokoa na mengi. Ukimwambia mama aliyezika mtoto kwamba Mungu alihitaji ua bustanini mwake, unajifariji mwenyewe.

Ukitaka mfano wa mtu aliyesema neno jema makusudi, mtafute Barnaba. Hilo hata si jina alilozaliwa nalo. Alikuwa Yusufu, Mlawi wa Kipro, na mitume ndio waliompa lakabu hiyo inayoelezwa katika Matendo ya Mitume kuwa mwana wa faraja. Fikiria watu wanaoishi na wewe wakikubadilisha jina kwa sababu ya namna unavyoongea nao. Mimi sijui wangeniita nani, na sitauliza.

Saulo alipofika Yerusalemu akidai ameokoka, hakuna aliyemwamini. Na kwa nini wamwamini? Huyu ndiye aliyekuwa akiburuta watu kutoka nyumbani kwao hadi gerezani. Barnaba hakumwambia “Mungu atakufungulia mlango, ndugu.” Alimchukua, akaenda naye kwa mitume, akawaeleza jinsi Saulo alivyomwona Bwana njiani na alivyohubiri Dameski bila woga. Angalia alichokuwa nacho mkononi: habari kamili, za njiani na za Dameski. Mtu hapati habari kama hizo kwa kutuma emoji. Lazima alikaa na Saulo, akauliza, akasikiliza, wakati wengine wanavuka barabara wasikutane naye. Halafu akaweka jina lake zuri rehani kwa ajili ya mtu ambaye lake lilikuwa limeoza.

Baadaye alifanya hivyo tena kwa Marko, kijana aliyewaacha katikati ya safari. Paulo, yuleyule aliyetetewa, safari hii ndiye aliyekataa kumpa mwenzake nafasi ya pili. Waligombana vikali hadi wakaachana njia, na Barnaba akaondoka na Marko kwenda Kipro. Miaka mingi baadaye, katika barua ya pili kwa Timotheo, Paulo anaomba aletewe Marko kwa kuwa anamfaa kazini. Hakuna mahali tunaposoma Barnaba akisema “nilikuambia.” Mimi ningesema, tena kwa herufi kubwa.

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo ananisubiri hapa. Kwani unataka tuwe wapole hata kwa wanaotuibia? Juni 2024 vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, kuna wazee waliotuambia Mkristo hapigi kelele. Sikubaliani nao. Yesu alimwita Herode mbweha, na manabii kama Amosi hawakuwa watu wa kupakia maneno asali. Wema si kumficha mwizi nyuma ya neno laini. Ila kuna tofauti kati ya kumwambia kiongozi alichofanya na kumtukana mamake, kabila lake au ulemavu wake, na tofauti hiyo unaijua hata ukiwa na hasira. Nathani alipokwenda kwa Mfalme Daudi, ambaye alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumfanya Uria auawe, hakumfokea. Alimsimulia kisa cha tajiri mwenye mifugo tele aliyemnyang’anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akawaka, akamhukumu tajiri. Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Hakuna neno kali kuliko hilo katika kisa kizima, na halikuwa na tusi.

Tukirudi kwenye mambo madogo, maana siku nyingi hatukutani na wafalme: sisi watu wa bara tuna shida ya kuomba. Mara ya kwanza nilipoenda Mombasa niliingia hotelini nikasema, kama ninavyosema Nairobi, “Leta chai na mahamri mawili.” Yule baba akanitazama, akatabasamu, akanisalimia. Nikaitikia. Akaniuliza za nyumbani. Nikajibu. Akasubiri. Kijana wa meza ya pili alininong’onezea, “Sema naomba, bro.” Nilisema naomba, na chai ikaja. Tangu siku hiyo kila nikipanda matatu najisikia ninavyosema “Shukisha hapo!” kama ninayemwamrisha punda. Sisemi kwamba naomba na tafadhali ni wokovu. Lakini soja wa ploti yenu, anayekufungulia geti saa sita usiku, anaijua imani yako kwa lugha hiyo tu. Hajawahi kukusikia ukihubiri.

Neno gumu kuliko naomba ni nisamehe. Hapa kanisa la Afrika Mashariki lina urithi ambao vijana tumeuacha kwa shosho zetu. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukafika Kenya mwaka wa 1937, uliwafundisha watu kutembea nuruni, kama walivyosema wenyewe. Maana yake ilikuwa ya kuaibisha: ukimkosea mtu humwambii Mungu peke yake chumbani. Unakwenda kwake, unabisha hodi, unataja kosa kwa jina. Waliokuwa wameiba walirudisha walichoiba. Waliosengenya walikwenda kwa waliosengenywa. Kama shosho yako ni wa uamsho, muulize. Atakusimulia mpaka chai ipoe.

Mimi nilichukua miezi mitano kubisha hodi. Nilisikia yule wa kinanda amehamia kanisa lingine na anafanya kazi za mkono huku na kule. Nilimpigia simu, hakushika. Nikamtumia ujumbe, tiki mbili zikageuka bluu, kimya. Wiki ya pili akaniambia tukutane kibandani karibu na steji, baada ya kazi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema utani wa Fuliza ulikuwa wa kijinga, kwamba nilimwaibisha mbele ya watu, na kwamba sikuwa na kisingizio. Alikunywa chai yake taratibu. Akasema, “Ile ya Fuliza sikuikasirikia sana. Wewe ni mtu wa kuchoma watu, najua. Kilichoniuma ni wale wengine wote. Watu kumi na moja mlisema mtaniombea, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ilikuwa kazi gani.”

Sikuwa na la kusema. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa kimya na kile kimya kikawa ndicho kitu sahihi. Kisha nikauliza ilikuwa kazi gani.

Ilikuwa ya karani wa stoo, katika kampuni ya kusambaza dawa. Alisomea mambo ya ugavi, kitu ambacho sikukijua, na tulikuwa tumeimba pamoja miaka mitatu. Asubuhi ile alitembea kwa miguu, akafika saa nzima baada ya jina lake kuitwa. Alinieleza hayo bila kunilaumu, kama mtu anayesimulia mechi iliyochezwa zamani. Aliniambia pia kwamba kanisa analokwenda sasa hapigi kinanda, anakaa nyuma.

Hatujawa marafiki wa chanda na pete. Huwa tunatumiana ujumbe. Mara mbili nimempelekea tangazo la kazi linalohusu ugavi, na mara moja aliitwa, hawakumchukua. Kanisani kwetu hajarudi, nami sijamwomba arudi.

Kabla hatujaachana siku ile nilimuuliza kama ningeweza kuomba msamaha palepale nilipomkosea, kwenye kundi. Alifikiri kidogo. “Andika,” akasema. “Ila usinitaje.”

Niliandika usiku huo. Ujumbe ulikuwa mrefu, na nilifuta sehemu iliyonifanya nionekane mtu mwema. Nilisema nilichofanya, na nikasema sote tulimjibu mtu bila kumuuliza swali. Majibu yalikuja haraka. Saba waliandika “Amina.” Wanne, “Barikiwa sana, brathe.” Emoji za mikono zikajaa.

Mmoja tu, dada wa sauti ya pili ambaye huwa haandiki chochote kwenye kundi, alinitafuta pembeni karibu saa tano usiku. “Kwani,” aliuliza, “ilikuwa kazi gani?”